Fundi kafungua mlango, kamera bado haionekani: NAT kwa lugha nyepesi

Ingia kundi lolote la WhatsApp la mafundi wa CCTV, kaa kimya wiki moja, utaliona swali hili likizunguka kwa sura tofauti. Kamera zinafanya kazi vizuri dukani. Mwenye duka akiwa palepale kwenye Wi-Fi yake, picha zinakuja. Akitoka na kuwasha data ya simu, kioo cheusi. Fundi anaingia kwenye ruta, anajaza ile fomu ya kufungua mlango, anahifadhi, anazima na kuwasha. Bado. Hapo majibu yanaanza kugongana. Huyu anasema kampuni ya simu imefunga milango. Yule anasema nunua ruta kubwa zaidi. Wa tatu anasema lipia IP ya kudumu, na wa nne anakuja na kitu kinachoitwa DMZ, "hiyo ndiyo kiboko yao". Mwenye duka, ambaye ameshalipia kamera, intaneti na ufundi, anabaki kujiuliza nani anamdanganya.

Mara nyingi hakuna anayedanganya. Kila mmoja ameshika kipande chake. Kinachokosekana ni jambo moja ambalo fomu ya ruta haikuambii: mlango hufunguliwa na yule anayeishika anwani inayoonekana kwenye intaneti, na watu wengi wa Afrika Mashariki, hasa wanaotumia ruta za laini, hawaishiki wao. Unaweza kujaza fomu ile vizuri kabisa, bila kosa hata moja, na isifanye kitu.

Maneno matatu kwanza

Anwani ya IP ni namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, ili data ijue inakwenda wapi na jibu lirudi wapi. Toleo lililozoeleka zaidi, IPv4, liliwekwa rasmi Septemba 1981. Huandikwa kwa namba nne zenye nukta katikati, kila moja kuanzia 0 hadi 255, na ukizihesabu zote zinafika bilioni 4.29 hivi.

Mlango, ambao mafundi huuita poti, ni namba ya pili inayoambatana na anwani, kuanzia 1 hadi 65535. Anwani inakifikia kifaa. Mlango unasema ni programu ipi ndani ya kifaa hicho inayotafutwa. Tovuti salama husikiliza mlango 443. DVR (mashine ya kurekodi picha za kamera) nyingi za Hikvision husikiliza 8000, za Dahua 37777. Si tundu la nyuma ya ruta unalochomekea waya. Ni namba tu.

NAT ni kazi ya ruta ya kubadilisha anwani zilizoandikwa kwenye data inapotoka na inaporudi, ili vifaa vingi vya ndani vitumie anwani moja ya nje. Kuelekeza mlango, au kama wengi wanavyosema kufungua mlango, ni kuipa ruta agizo la kudumu: data ikitoka nje na kubisha mlango namba fulani, ipeleke kwa kifaa fulani cha ndani.

Karani wa masjala

Ofisi kubwa yenye masjala inaieleza NAT vizuri kuliko michoro mingi niliyoiona. Ofisi nzima ina S.L.P. moja. Idara ya ununuzi ikitaka kumwandikia muuza karatasi, barua haitoki mezani moja kwa moja. Inapita masjala, karani anaipa Kumb. Na., anaandika kwenye rejista kwamba kumbukumbu hiyo ni ya ununuzi, kisha barua inatoka na S.L.P. ya ofisi juu yake. Muuza karatasi akijibu, anataja Kumb. Na. ileile. Karani anafunua rejista, anaona mwenyewe ni nani, anampelekea. Aliyejibu hajui ununuzi wako ghorofa ya ngapi wala haimhusu.

Ruta inafanya hivyohivyo. Simu yako yenye anwani ya ndani 192.168.1.23 inaomba ukurasa wa gazeti. Ruta inaiondoa anwani hiyo, inaweka yake ya nje, inachagua mlango usiotumika, tuseme 40112, na kuandika kwenye jedwali lake kwamba 40112 ni ya 192.168.1.23. Jibu likirudi kwa 40112, linasukumwa kwa simu. Yote haya yanatokea yenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia intaneti miaka kumi bila kulisikia neno NAT. Mazungumzo yakinyamaza, mstari unafutwa kwenye jedwali, wakati mwingine baada ya nusu dakika tu.

Sasa ije barua isiyo na Kumb. Na. yoyote, ambayo hakuna mtu wa ndani aliyeianzisha. Karani hana pa kuipeleka, anaitupa. Hiyo ndiyo hali ya mwenye duka la Kariakoo aliyeko Dodoma. Simu yake inabisha kwenye anwani ya dukani, ruta inatazama jedwali, haioni mstari, inatupa. Haimkatai kwa sababu haimtambui yeye au nywila yake. Haijafika hata huko. Kuelekeza mlango ni kumbandikia karani karatasi mezani: barua yoyote itakayoandikwa 8000 ipeleke chumba cha DVR, hata kama hakuna aliyeandika kwanza.

Ukiushika mfano huu, tatizo la ruta za laini linajieleza lenyewe. Fikiria ofisi ya wilaya isiyo na S.L.P. yake, barua zake zote hupitia masjala ya makao makuu. Unaweza kumbandikia karani wa wilaya karatasi kumi. Barua haitamfikia, maana imeshatupwa makao makuu, kwa karani mwingine ambaye hajapewa agizo lolote na ambaye wewe huna ruhusa ya kumgusa.

Anwani ziliisha, na sisi tulichelewa foleni

Makao makuu hayo yana jina: CGNAT, yaani NAT inayofanywa na kampuni yenyewe ya intaneti juu ya NAT ya ruta yako. Wateja wengi, wakati mwingine maelfu, wanatoka kwa anwani moja ya nje. Kampuni haifanyi hivyo kwa ubahili tu. Anwani zimekwisha.

NAT yenyewe ilizaliwa kwa hofu hiyo. Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis waliandika waraka ulioieleza kama dawa ya muda mfupi, ya kuvuta siku hadi suluhisho la kudumu lipatikane. Waraka wa Februari 1996 ukathibitisha makundi ya anwani za ndani ambazo kila mtu anaweza kuzitumia bila kumwomba mtu: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na 192.168 ambayo karibu kila ruta ya nyumbani inayo. Dawa ya muda imefikisha zaidi ya miaka 30.

Tarehe 3 Februari 2011, hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila bara au kanda. Fungu la Afrika liko chini ya AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, na tangu Januari 2020 shirika hilo limo katika hatua ya mwisho ya kugawa kilichobaki: ombi moja halizidi anwani 1,024. Linganisha na kampuni ya simu yenye wateja mamilioni. Na hata hicho kidogo hakikuwa salama, kwani ukaguzi ambao AFRINIC iliutoa mwaka 2021 ulionyesha kwamba anwani zaidi ya milioni 4, ukijumlisha za hazina yake na zile za zamani, zilikuwa zimechukuliwa au kubadilishwa umiliki kinyume cha taratibu.

Kwa hiyo Aprili 2012 likatengwa fungu jingine maalumu kwa ajili ya CGNAT: kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ukiona anwani ya namna hiyo kwenye ruta yako, uko nyuma ya makao makuu. Mitandao ya simu huwaweka hapo wateja wake wengi wa kawaida. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza kuuza huduma Kenya Julai 2023, nayo huwaweka hapo wateja wa vifurushi vya nyumbani. Anwani ya umma inapatikana kwenye vifurushi vya biashara. Watu walionunua lile sahani wakidhani wameikwepa kampuni ya simu na matatizo yake wamelikuta tatizo lilelile limewasubiri angani.

Pima kabla hujajaza fomu

Kipimo kinachukua dakika mbili na kingewaokoa mafundi wengi safari ya pili. Fungua ukurasa wa ruta, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1 au 192.168.8.1, tafuta sehemu ya hali ya mtandao, andika pembeni anwani iliyo kwenye mstari wa WAN, yaani upande wa nje. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Kwanza zima VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwa njia nyingine) kama unayo.

Namba mbili zikifanana, anwani ni yako na kazi inawezekana. Zikitofautiana, si yako. Kama ile ya kwenye ruta inaanza na 100.64 hadi 100.127, au na 10, hiyo karibu kila mara ni kampuni. Kama inaanza na 192.168, tazama kwanza chini ya meza: mara nyingi utakuta kifaa cha faiba cha kampuni nacho kinafanya kazi ya ruta, na ruta uliyoinunua wewe imechomekwa nyuma yake. Hapo una masjala mbili ndani ya jengo lako mwenyewe, na hili unaweza kulimaliza. Ama unaomba kampuni ikiweke kifaa chake katika hali ya daraja, kisifanye NAT, ama unabandika agizo kwenye vyote viwili: cha kwanza kipeleke kwa ruta yako, ruta yako ipeleke kwa DVR.

Kama ni CGNAT, usiendelee kusumbuka na fomu. Ruta ya bei mbaya haisaidii, DMZ haisaidii, kubadilisha namba ya mlango hakusaidii. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya njia nyingine huko chini.

Mfano wa duka lenye anwani yake

Tuseme kipimo kimefaulu. Ruta iko 192.168.1.1 na DVR ina kamera nane.

Kazi ya kwanza haiko kwenye ukurasa wa milango kabisa. Ruta hugawa anwani za ndani kwa kukopesha, na umeme ukikatika na kurudi, DVR iliyokuwa 192.168.1.64 inaweza kuamka ikiwa 192.168.1.71. Agizo bado linaelekeza 64, ambako sasa kuna simu ya mhudumu, au hakuna kitu. "Ilikuwa inafanya kazi, umeme ulipokatika ikaacha" mara nyingi ni hili. Kwa hiyo itengee DVR anwani moja kwenye ruta, kwa kutumia namba yake ya MAC (utambulisho wa kiwandani wa kifaa) iliyobandikwa kwenye kibandiko cha mashine au iliyomo kwenye orodha ya vifaa.

Wengine huandika anwani hiyo kwa mkono ndani ya DVR yenyewe. Inakubalika, ila angalia sehemu ya lango kuu, ile gateway. Wanaiacha tupu, au inabaki na namba ya mtandao wa duka la zamani. Matokeo yake ni ya kuchanganya kupita kiasi: ukiwa ndani kila kitu kinafanya kazi, ukiwa nje hakuna kitu, na agizo la ruta ni sahihi kabisa. Barua imefika chumbani kwa DVR. DVR haijui njia ya kurudishia jibu. Nimeona watu wakibadilisha ruta kwa sababu ya kisanduku hiki kimoja.

Kisha ndiyo ukurasa wa milango. TP-Link huuita Virtual Servers, vifaa vingi vya faiba vya Huawei huuita Port Mapping, wengine Port Forwarding. Vyote ni fomu moja. Utaulizwa mlango wa nje, anwani ya ndani, mlango wa ndani, na aina ya usafiri, TCP au UDP. Kwa DVR yetu: nje 8000, ndani 192.168.1.64, mlango wa ndani 8000, TCP. Mlango wa nje na wa ndani si lazima vifanane. Ukiwa na DVR mbili, ya dukani na ya stoo, zote zikisikiliza 8000, unaiagiza ruta kwamba 8001 ya nje iende kwa ya kwanza na 8002 kwa ya pili, kila moja ikifikia 8000 yake ndani. Namba moja ya nje haiwezi kuelekezwa kwa mashine mbili. Karani hatapasua barua katikati.

Kujaribu, zima Wi-Fi kwenye simu utumie data. Ruta nyingi za bei ya kawaida hazijui kupokea ombi lililotoka ndani likielekea anwani yao wenyewe ya nje, kwa hiyo ukijaribu ukiwa umekaa dukani utaambiwa imeshindikana ilhali imefanikiwa. Na zile tovuti za kupima mlango zinahitaji DVR iwe imewaka na inasikiliza. Mlango ulioelekezwa kwa mashine iliyozimwa utaonekana umefungwa, na ndivyo ulivyo.

Linabaki suala la anwani ya nje kubadilika. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Anwani ya umma ni ile inayofikika kutoka nje. Anwani isiyobadilika ni ile inayobaki ileile mwezi hadi mwezi. Unahitaji ya kwanza kwa lazima. Ya pili ni starehe. Anwani yako ikiwa ya umma lakini inabadilika kila ruta ikizimwa, unaweza kuifungia jina kwa huduma ya DDNS: ruta inaitangaza anwani mpya kila inapobadilika, na wewe unaandika jina tu kwenye programu ya simu. Lakini DDNS juu ya CGNAT ni hela ya bure. Jina litaelekeza vizuri kabisa kwa masjala ya makao makuu, na barua itatupwa huko.

Nani mwingine anabisha

Mpaka hapa nimeandika kana kwamba mlango ukifunguliwa anayebisha ni mwenye duka peke yake. Sivyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap, iliyoweza kubisha hodi kwenye anwani zote za IPv4 duniani kwa muda usiozidi dakika 45, kwa kompyuta moja yenye intaneti ya kasi. Si kompyuta ya serikali, kompyuta moja. Tangu wakati huo kubisha hakujawahi kukoma. Ukiufungua mlango leo mchana, wageni wa kwanza huja bila kujua wewe ni nani au una nini. Wanapita tu.

Mwaka 2016 wapitaji hao waliitwa Mirai. Ilikuwa programu haribifu iliyotafuta kamera, DVR na ruta zilizoacha wazi mlango 23 au 2323, ikajaribu majina na nywila za kiwandani zipatazo sitini, za aina ya admin na admin. Zilizokubali ziligeuzwa jeshi. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na kwa saa kadhaa Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa hazikufunguka kwa watu wengi. Waliokiri mahakamani mwaka uliofuata kuitengeneza walikuwa vijana watatu wa Kimarekani, na chanzo kilikuwa ushindani wa biashara ya seva za mchezo wa Minecraft. Wenye kamera zilizotumika hawakujua kitu. Picha zao ziliendelea kuonekana kama kawaida.

Ndiyo maana mimi namwambia mwenye duka la kawaida asifungue mlango kama ana njia nyingine, hata pale anwani inapokuwa yake. Na kama ni lazima, nywila ya kiwandani ibadilishwe kabla, si baada, na programu ya ndani ya DVR isasishwe. Mlango 3389, ule wa kuiendesha kompyuta ya Windows ukiwa mbali, usielekezwe kamwe. Najua maofisi yanayoufungua ili mhasibu afanye kazi akiwa nyumbani. Ni mlango ambao wahalifu wanaofunga mafaili na kudai fidia wameupenda kwa miaka.

DMZ ni mbaya zaidi. Kwenye ruta za nyumbani maana yake ni karatasi moja mezani kwa karani: barua yoyote isiyo na mwenyewe, ya namba yoyote, ipeleke kwa mashine hii. Ni kweli "inatatua", kwa sababu imefungua yote.

Maneno ya mtaani

Kwamba kubadilisha 8000 kuwa 54321 ni usalama. Kunapunguza wapitaji wavivu, basi. Anayepima milango yote ataikuta.

Kwamba NAT ni ukuta wa moto (firewall). Inazuia barua zisizoagizwa, na hilo lina faida yake, lakini imetokea kwa bahati tu, halikuwa lengo. Haikagui kilichomo ndani ya barua. Mhudumu akibonyeza kiungo kibaya, mawasiliano yanaanzia ndani, na karani anaandika mstari kwenye rejista kwa uaminifu wote.

Kwamba kufungua milango kunaongeza kasi. Hapana. Kwenye michezo ya PlayStation au Xbox kunaweza kukusaidia kuunganishwa na wachezaji wengine, na mara nyingi UPnP ndiyo hufanya hivyo: kifaa kinamwomba karani karatasi chenyewe, bila wewe kujua. Kasi ni ileile uliyolipia. Na kwa kuwa UPnP haimuulizi mtu, ofisini ni bora iwe imezimwa.

Kwamba mtu akiijua 192.168.1.5 yako amekushika. Mamilioni ya watu wana 192.168.1.5. Namba hiyo haitoki nje ya ukuta wako.

Kwamba kuweka VPN ya bure kwenye simu kutafungua kamera. VPN hiyo inaitoa simu yako kwa njia nyingine. Haigusi masjala ya dukani.

Na hili la mwisho ni kubwa kuliko kamera: kwamba anwani ya IP ni sawa na jina la mtu. Chini ya CGNAT, anwani moja ni umati. Mwanzoni mwa 2007 Wikipedia iliizuia anwani moja iliyokuwa inaharibu makala, ikajikuta imewazuia wahariri wasiojisajili wa karibu nchi nzima ya Qatar, kwa sababu wateja wa kampuni ya simu ya huko wote walionekana kama wanatoka mahali pamoja. Zuio liliondolewa baada ya saa chache. Oktoba 2017, Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilitaka hadharani CGNAT iachwe, kwa sababu wapelelezi walikuwa wanapewa anwani na kukuta nyuma yake orodha ndefu ya wateja. Ili kumpata mmoja, kampuni inahitaji anwani, namba ya mlango na saa kamili hadi sekunde. Picha ya skrini yenye anwani tupu haitoshi kumtuhumu jirani.

Njia nyingine

Kama hakuna anayeweza kukufikia kutoka nje, simu ya WhatsApp inakufikiaje? Kwa sababu hubishiwi. Simu yako ndiyo iliyoandika kwanza, na inaendelea kuandika kila baada ya muda mfupi ili mstari usifutwe. Mtu akikupigia, ujumbe unakuja kupitia mazungumzo uliyoyaanzisha wewe. Kisha simu zote mbili zinaweza kuambiana milango zilizopewa na kuandikiana kwa wakati mmoja, kila karani akidhani ameanzisha wa kwake. Ikishindikana, sauti inapitishwa kwenye seva iliyoko katikati.

Ule msimbo wa QR ulio kwenye DVR hufanya kazi hivyo. DVR inaandika kwenye seva ya mtengenezaji, simu yako nayo inaandika hukohuko, wanakutanishwa. Inapita CGNAT bila taabu, haihitaji mlango wala anwani. Gharama yake ni kwamba unamtegemea mtengenezaji: seva zake zikizima, kamera zako hazionekani ukiwa mbali, na unamwamini na njia ya picha zako. Kwa duka moja la nguo, naona ni biashara ya haki, mradi nywila iwe ngumu. Ila kumbuka kwamba picha zinapakiwa kutoka dukani. Ruta ikiwa ya bando, kuangalia kamera mchana kutwa ukiwa safarini kunakula bando la dukani na la simu yako pia.

Asiyetaka mtengenezaji katikati anaweza kujenga VPN yake. Tailscale hukutanisha vifaa vyako vyenyewe kwa ufundi uleule wa kuandikiana. WireGuard inahitaji upande mmoja uwe na anwani ya umma, ambayo unaweza kuipata kwa kukodi seva ndogo. Hata huko uhaba umefika: tangu 1 Februari 2024 Amazon hutoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4 kwenye seva zake, yaani kama dola 3.6 kwa mwezi kwa namba tu. Kwa Tanzania, kumbuka pia tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 lililowataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa. Ofisi inayojenga yake isilipuuze.

IPv6 ndilo suluhisho lililokuwa linasubiriwa tangu 1994. Idadi ya anwani zake ni namba yenye tarakimu 39, kila kamera inaweza kuwa na yake ya umma, na NAT haihitajiki. Lakini mlango bado unafunguliwa, safari hii kwenye ukuta wa moto wa ruta, na simu unayotumia nje nayo iwe na IPv6. Ukiona kwenye ukurasa wa ruta anwani ndefu inayoanza na 2 na yenye nukta pacha, kampuni yako imeshakupa, na inafaa kujaribu kabla ya kulipia kitu.

Ukilazimika kulipia, usiulize huduma kwa wateja "mnafungua milango?" Atakayepokea simu atajibu ndiyo au hapana kwa kubahatisha. Uliza hivi: laini yangu iko nyuma ya CGNAT? Mnauza anwani ya umma kwenye kifurushi changu, au mpaka cha biashara? Inabadilika au haibadiliki? Kwenye laini ya simu inahitaji APN (mpangilio wa kuunganisha laini na intaneti) tofauti? Kuna milango mnayoizuia nyie wenyewe, kama 25 au 80? Chukua majibu kwa barua pepe, halafu ndipo umwite fundi.